Konseto ya Binti wa Leipzig

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tukuyu kwa barabara kuu ishukayo mpaka Kasumulu hupita Kyimo, kata ya wilaya ya Rungwe ambayo, kama jirani zake zote za milimani, hunyeshewa sehemu kubwa ya mwaka, hata migomba yake na mashamba ya chai hayajui sana maana ya kiangazi. Si mahali ambapo mtu angetazamia kusikia habari za piano na okestra za Ulaya; walakini yule aliyelelewa katika makanisa ya Kimoraviani ya wilaya hii, akasikia tangu utoto wake kwaya za sauti nne, na tarumbeta zikiita watu alfajiri ya Pasaka kwenda makaburini, ana sikio lililokwisha kuandaliwa kwa muziki huo kuliko adhaniavyo mwenyewe. Wamisionari walioleta ada hizo walifika katika miteremko ya mlima Rungwe mwaka 1891, mkubwa wao akiwa Theodor Meyer, nao walitumwa na ushirika wa Herrnhut, mji mdogo wa jimbo la Saxony katika Ujerumani. Katika jimbo hilo hilo umo mji wa Leipzig, alikozaliwa, tarehe 13 Septemba 1819, binti ambaye utungo wake ndio madhumuni ya makala haya. Na kwa sadfa, mwezi Machi wa mwaka ule ule wa 1891, miezi michache kabla ya Meyer na wenzake kupanda Rungwe, binti huyo, wakati huo bibi wa miaka 71, alipiga piano mbele ya hadhara kwa mara ya mwisho, katika mji wa Frankfurt.

Jina lake lilikuwa Clara Wieck, ingawa ulimwengu humjua zaidi kwa jina la ndoa, Clara Schumann. Utungo wenyewe ni konseto ya piano, nao ni miongoni mwa zile za karne ya 19, enzi iitwayo ya Kiromantiki kwa vile watunzi wake waliitukuza hisia ya moyo juu ya kanuni, ambazo kwa muda mrefu hazikupigwa wala kutajwa.

Konseto ni utungo ambao mpigaji mmoja, mwenye ala moja, hukabili kundi zima la wapigaji, akisemezana nao, akishindana nao, akiwafuata na kuwatangulia kwa zamu, aghalabu katika sehemu tatu: ya kwanza yenye adhama, ya pili ya taratibu, na ya tatu ya haraka. Msikilizaji wa taarabu ya Unguja hahitaji maelezo marefu, maana amesikia jinsi fidla, ganuni, udi na nai ziendavyo pamoja, kisha zikanyamaa ili ala moja ipige taksimu peke yake, na wenzake wakangoja kwa adabu mpaka imalize haja yake. Tofauti iliyo kubwa ni kwamba mpiga taksimu hubuni papo hapo, hali mpiga konseto ameandikiwa takriban kila sauti atakayoitoa, na kazi yake ni kuipiga kana kwamba imemjia rohoni saa ile.

Baba yake Clara, Friedrich Wieck, alikuwa mwalimu wa piano na mfanyabiashara wa ala hizo, mtu mwenye nidhamu kali, ambaye baada ya kutengana na mkewe alimchukua binti yake wa miaka mitano na kumfunza kana kwamba hakuna jambo jingine duniani. Mtoto alichelewa sana kusema, hata akapita miaka minne bila ya kutamka maneno, na waliomzunguka wakamdhania kiziwi. Lakini alipokuwa na miaka tisa alikuwa amekwisha kupiga piano mbele ya watu katika Gewandhaus, jumba la Leipzig lililojengwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa nguo na kugeuzwa ukumbi wa muziki mwaka 1781. Fauka ya mazoezi ya vidole alisomeshwa elimu ya utunzi, na mwaka 1833, akiwa na miaka 13, akaanza kuandika kipande cha piano na okestra, ambacho Robert Schumann, mwanafunzi wa baba yake mwenye umri wa miaka 23, alimsaidia kukigawa kwa ala za okestra. Kipande hicho ndicho kilichokuja kuwa sehemu ya tatu ya konseto. Zile mbili za mbele ziliandikwa baadaye, na okestra yote akaipanga tena yeye mwenyewe.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 1835 konseto nzima ilipigwa kwa mara ya kwanza katika Gewandhaus. Mpiga piano alikuwa Clara mwenyewe, aliyetimiza miaka 16 miezi miwili nyuma, na mwongozaji wa okestra alikuwa Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 26 aliyekabidhiwa okestra ile msimu ule ule. Tukiyafikiri hayo vizuri, tutaona kwamba mambo tuliyozoea kuyaona kwa wazee wenye mvi yalikuwa mikononi mwa vijana: mmoja angekuwa leo katika kidato cha tatu au cha nne, na mwenziwe amemaliza chuo juzi.

Okestra huanza kwa mwendo wa askari, maneno machache tu, kisha piano huingia kwa kishindo, mikono yote miwili ikipanda pamoja kutoka sauti nene mpaka nyembamba, na kuanzia hapo ni dhahiri nani mwenye baraza. Hilo lina uzuri wake na aibu yake. Uzuri ni kwamba mpigaji ana nafasi tele ya kuonyesha uhodari wake. Aibu ni kwamba okestra, katika sehemu hiyo, hubaki aghalabu mwitikiaji tu, na mtu aliyezoea konseto za Beethoven, ambamo pande mbili hupigana kama mafahali, atahisi upungufu. Sehemu ya tatu, ifuatayo mdundo wa ngoma ya Kipolandi, ndiyo ndefu kuliko zote, na kwa rai yangu imerefuka kupita haja yake: msichana wa miaka 13 aliyekwisha kujua kufanya mambo mengi alitaka kuyafanya yote.

Lakini ile ya katikati, iitwayo Romanze, haina mfano wake katika konseto za zama zile. Kwanza, sehemu ya kwanza haifiki kikomo. Mahali ambapo sikio hungoja ile nyimbo ya mwanzo irudi na kufunga, muziki huyeyuka na kuhamia kwingine, nusu ya sauti chini, ni kama mwalimu wa kwaya abadilishaye do ghafla katikati ya wimbo bila ya kuwaonya waimbaji, nao badala ya kupotea wakajikuta mahali pema zaidi. Pili, okestra yote hunyamaa. Piano huimba peke yake kwa upole, mkono wa kushoto ukitandaza mawimbi na wa kulia ukishika nyimbo. Na ikiisha kuimba, selo moja, ile ala ya nyuzi nne ipigwayo kwa kukaa, yenye sauti iliyo karibu na sauti ya mwanamume, huitwaa nyimbo ile ile, na piano huipambia. Makumi ya watu wameketi jukwaani, wameshika fidla na matarumbeta yao, nao hawafanyi kitu ila kuwasikiliza wenzao wawili. Mtunzi mzima angeogopa kuwalipa watu wengi hivyo ili wanyamaze, Clara hakuogopa. Mwishoni ngoma za timpani hunguruma kwa mbali, na bila ya kituo sehemu ya tatu inaingia. Konseto yote huchukua dakika 20 na kidogo.

Je, kwa nini basi ilisahauliwa? Ilipochapishwa na Hofmeister wa Leipzig, mhakiki wa jarida la muziki la mji huo, jarida ambalo mhariri wake alikuwa Robert Schumann huyo huyo, alisema kwa muhtasari kwamba kazi ya mwanamke haiwezi kupimwa kwa mizani ya uhakiki wa kweli, na akaridhika kwa maneno hayo. Maneno ya namna hiyo hayakukosa kuingia moyoni mwa mwenyewe, maana mwaka 1839 aliandika katika shajara yake kwamba alidhani zamani ana kipaji cha kutunga, ila sasa amekata shauri kuacha kutunga, kwa kuwa si kazi ya mwanamke. Mwaka uliofuata aliolewa na Robert, baada ya kushtakiana mahakamani na baba yake aliyeikataa ndoa hiyo. Alizaa watoto wanane. Robert alipougua akili na kufa mwaka 1856, mjane aliwalisha watoto kwa safari za kupiga piano, na alichopiga ni kazi za wengine, za mumewe mbele ya zote. Waama, konseto ya piano ya Robert, iliyotoka mwaka 1845 na ambayo hadi leo hupigwa kila pembe ya dunia, imeandikwa katika ufunguo ule ule wa ya Clara, na katikati yake selo huimba na piano. Sisemi kwamba mume aliiba. Nasema kwamba aliyeisikia kazi ya mume bila ya kuisikia ya mke amesikia jibu asilisikie swali. Wajerumani wa baadaye waliiweka sura ya Clara katika noti ya mark 100, ikapita mikononi mwa mamilioni ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuisikia konseto yake.

Ipo pia sababu ya fedha. Okestra kubwa ina watu 70 au zaidi, na kila saa ya mazoezi ni gharama. Kazi ijulikanayo huhitaji mazoezi machache, kwa kuwa wapigaji wameipiga tangu vyuoni, na tiketi zake hununuliwa bila ya kubembeleza. Kijana atakaye kupiga konseto isiyojulikana huwa amewaomba watu wote hao wajifunze upya, na meneja wa ukumbi ahatarishe mapato ya usiku mmoja.

Ndiyo maana alilolifanya Isata Kanneh-Mason halikuwa jambo dogo. Binti huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1996, mama yake ni mzaliwa wa Sierra Leone, na asili ya baba yake ni kisiwa cha Antigua. Yeye ndiye mkubwa wa watoto saba, wote wanamuziki, na ndugu yake Sheku ndiye aliyepiga selo katika arusi ya mwanamfalme Harry mwaka 2018. Msanii mwanzaji hushauriwa achague kazi iliyozoeleka, ili wasikilizaji wamlinganishe na waliotangulia. Isata, katika santuri yake ya kwanza iliyotoka mwaka 2019, ulipotimia mwaka wa 200 tangu kuzaliwa kwa Clara, alichagua kazi za Clara, na konseto hii aliipiga pamoja na okestra ya Royal Liverpool Philharmonic, ikiongozwa na mwanamke, Holly Mathieson. Santuri hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa aina hiyo Uingereza. Anaipiga Romanze bila ya haraka, wala haitilii huzuni ya watu wazima. Anaiacha ibaki ya msichana.

Kwa kijana wa Kyimo mambo ni magumu zaidi, na ugumu wenyewe waanza na hewa. Piano ya kweli ina ubao mkubwa wa sauti na nyuzi zipatazo 230, na mvua ya Tukuyu, izidiyo milimita 2,000 kwa mwaka, huvimbisha ubao, hulegeza gundi na kuzitia kutu nyuzi, nao mafundi wa kuirekebisha ni adimu. Kinanda cha umeme, ambacho makanisa mengi hukipenda kwa sababu hakidai fundi, huwa mara nyingi na vibao 61, na mkono wa kulia wa Clara huvuka mpaka huo mapema sana. Jambo la kustaajabisha ni kwamba sisi si wageni katika ala hizi: vibao vyeupe vya piano za karne ya 19 vilivikwa pembe za ndovu, na pembe nyingi zilipitia bandari ya Unguja, na klarineti za okestra za leo huchongwa aghalabu kwa mpingo, mti umeao Kilwa na Lindi. Shule za kufundishia nazo zipo, ingawa ziko mbali na Rungwe: chuo cha muziki cha Nairobi kilianza mwaka 1944, na cha Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2002, ambacho nguvu yake ni taarabu. Wala kukosa mazoea si kizuizi: kule Maskati, okestra aliyoiunda Sultani Qaboos wa Omani mwaka 1985 ilianza kwa kuwafunza vijana wa Kiomani ambao wengi wao hawakuwahi kushika fidla.

Nota za konseto hii hazina tena mwenye haki, na zapatikana bure katika intaneti, pamoja na nuskha ambayo kazi ya okestra imewekewa piano ya pili. Hivyo ndivyo wanafunzi wa kila nchi wanavyojifunza konseto kabla ya kuiona okestra. Mwenye haja ya kuanza asianze na sehemu ya kwanza, yenye kishindo na vidole vingi. Aanze na Romanze, ambayo yataka piano moja na selo moja tu. Na selo ikikosekana, nyimbo yake inaweza kuimbwa na mtu wa sauti nene kutoka katika kwaya yoyote ya wilaya.