Pikipiki ya Zamani: Rangi Mupya Inaficha Nini?



Siku moja, saa tisa ya muchana, baba mumoja jirani yetu hapa Kolwezi alifika kwangu anasukuma pikipiki. Ilikuwa Yamaha AG 100 ya zamani, aina ile iliyotengenezwa kwa kazi ya mashamba. Rangi yake nyekundu ilikuwa inangaa kama sahani ya karamu. Alikuwa hajalipa bado. Mwenyi kuiuza alimupa siku mbili za kufikiri. Feza ilikuwa nyumbani: ni ile yeye na bibi yake walichunga mwaka muzima, nusu kutoka mushahara, nusu kutoka mikate ambayo mama anauza. Walitaka pikipiki ya kubeba mikate sokoni na kupeleka watoto masomoni.

Mama alifika nyuma yake, mutoto mugongoni. Aliuliza neno moja tu: «Pasta, kama hii moto ni muzima, ju ya nini walipaka rangi mupaka ku buloni na ku reyo?»

Kweli, mama yule aliona mbele yetu sisi wanaume.

Mimi si fundi. Haya niliyajifunza kwa kuanguka. Miaka iliyopita, wakati wa mvua, pikipiki yangu ilianza kukohoa njiani. Ilikohoa siku tatu, nami nikasema ni esanse mubaya. Siku ya ine, shemasi akiwa nyuma yangu, mutori ilishika kwa gafula, gurudumu ya nyuma ikafunga, tukaanguka katika changarawe. Mimi niliumia goti. Shemasi alivunjika mufupa wa bega, na miezi miwili hakushika jembe. Mupaka leo, wakati wa baridi, bega lile linamusumbua, na mimi nikimuona analishika, ninakumbuka zile siku tatu.

Fundi alipofungua, alikuta kutu ndani ya rezervuari. Ya inje nilikuwa ninaipangusa kila Siku ya Posho! Unga wa kutu uliteremuka mupaka katika karbirateri, ukaziba tundu dogo la jikleri. Esanse ikapita kidogo, hewa ikazidi, moto wa ndani ukapanda, pistoni ikavimba na kukwama. Fundi aliniambia: «Pasta, kutu ya kuonekana inakuletea haya. Ile ya kufichama njo inaua.»

Basi, siku ile na jirani, hatukufanya haraka. Tulifuata njia hii, na wewe pia unaweza kuifuata.

MAJI NA SABUNI KWANZA

Udongo wetu mwekundu na kutu ni ndugu. Rangi ya udongo huu inatoka kwa chuma kilichounguzwa na hewa, sawa kutu yenyewe. Ndiyo maana kwetu pikipiki inaweza kuoza na mutu akasema ni mavumbi tu. Osha vizuri, kausha, kisha pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Mavumbi yatatoka. Kutu itabaki.

REZERVUARI

Fungua kifuniko, angalia ndani na torshi. Usitumie kibiriti wala mushumaa hata kidogo! Kisha toa esanse polepole kupitia kitambaa cheupe. Ukiona unga mwekundu ao vipande kama maganda, kutu imeanza kazi. Ukiona matone yanayotembea chini ya esanse, ni maji: maji ni mazito kupita esanse, yanalala chini, na chini ndipo chuma kinatoboka kwanza.

Kama chuma bado ni kigumu, kunasafishwa. Ondoa robine na uzibe tundu lake. Osha na sabuni, tia vinegri nyeupe pamoja na buloni ndogo, tikisa, acha muchana na usiku. Mwanga, hesabu buloni zote zitoke, kisha suuza na maji yenye bikarbonati. Kausha kwenye jua, na mara moja pitisha esanse yenye mafuta ya mutori kidogo, kwa sababu chuma kilichosafishwa kinashika kutu tena upesi. Wakati wa mvua, pikipiki ikilala siku nyingi, ilale na rezervuari yenye kujaa, ili hewa ya maji ikose nafasi.

Mambo mawili ya hatari. Kijana akikuletea asidi ya kazi ya migodi, ukatae: inakula kutu, inakula na chuma kizima, na inaunguza macho. Tena usichomelee rezervuari yenye tundu. Hata ikiwa tupu, moshi wa esanse unabaki ndani, nayo inaweza kupasuka kama bombu.

KADRI

Kadri ni mifupa ya pikipiki. Angalia pahali maji na matope yanakaa: chini ya kiti, chini ya batri, pahali mukono wa nyuma unafungwa, na shingo ya gido. Gonga polepole na turnevisi. Chuma kizima kinalia kama kengele ndogo. Chuma kilichooza kinajibu kwa sauti nzito, kama kugonga muti wenyi muchwa.

Rangi ikivimba, kutu iko chini yake. Lakini uogope zaidi ule mustari mwembamba mwekundu karibu na pahali palipochomelewa. Ule ni ufa: chuma kinatembea, na kila kikitembea kinatoa unga wa kutu.

Kuna hila ingine: watu wanajaza shimo na mastiki, wanapaka rangi juu. Chukua simaku ya spika ya redio iliyokufa, uipitishe juu ya kadri. Pahali inakataa kushika, hapana chuma pale.

SHENE

Ile AG 100 ina shene ndani ya kifuniko. Ni vizuri kwa mavumbi, lakini watu wanaisahau, inakauka humo gizani. Ifungue. Kwa pikipiki zingine, shene iko inje; mavumbi yakichanganyika na mafuta machafu yanakuwa kama jiwe la kunoa.

Shika shene nyuma kabisa ya pinyo kubwa, uivute inje. Ikitoka mupaka unaona nusu ya jino, imechoka. Kama una metre ya fundi wa mbao: kwa shene ya namba 428, hesabu misumari 21, pima kutoka katikati ya wa kwanza mupaka katikati ya wa 21. Ikiwa mupya ni milimetre 254. Ikifika 259, ibadilishe. Angalia na meno ya pinyo: yakijikunja kama ndoano, yamekwisha. Badilisha shene na pinyo zote mbili pamoja, kwa maana pinyo la zamani litaharibu shene mupya upesi.

MAGURUDUMU, FURSHI NA FRENI

Inua gurudumu juu ya udongo, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, rulma imekwisha, ni kusema zile ma-bile za ndani. Gonga reyo moja moja na ufunguo: yenyi kukaza inalia vizuri, yenyi kulegea inanyamaza. Geuza gido polepole. Likikamatwa katikati kama linaingia katika tundu, rulma za shingo zimeliwa.

Pitisha ukucha juu ya bomba la furshi. Ukisikia vishimo vya kutu, vitapasua mupira wa ndani, mafuta yatavuja, nayo yakifika kwa freni hautasimama. Kisha finya freni ya ngoma: kama kale kamukono kadogo na fimbo yake vinapita pembe ya digri 90, garnitire zimekwisha.

KUAMUA

Tulipofanya haya yote, mutoto alikuwa amelala mugongoni. Rezervuari ilikuwa na unga kidogo, inasafishwa. Shene ilikuwa imekufa, inanunuliwa. Lakini karibu na pahali amortiseri ya nyuma inafungwa, simaku ilianguka chini. Baba alikwangua na kisu: mastiki, na chini yake ufa murefu kama kidole.

Alinyamaza. Kisha akasema: «Na watoto wangu wangeikalia hapa.»

Wapendwa, hii njo hesabu yenyewe. Shene, rulma, garnitire na rezervuari chafu ni mambo ya feza: ondoa bei yake kwa bei ya muuzaji. Lakini kadri iliyooza ao kupasuka, usibishane bei. Rudisha.

Walirudisha siku ileile. Muuzaji alikasirika, lakini feza ilibaki nyumbani. Nyuma ya miezi mitatu walipata ingine, ya zamani vilevile, isiyopakwa rangi, yenyi kutu ya juu mupaka watu wa kartie waliwacheka. Tuliigonga yote, ikalia vizuri. Walibadilisha shene na pinyo, wakaosha rezervuari. Leo inapita mbele ya nyumba yangu kila asubui na mikate, na mama anasema hataki kuipaka rangi.

«Acha iwe vile,» ananiambia. «Hivi minaona ile iko inayo.»

Na wewe unayesoma, kama yako inakohoa tangu juzi, usingoje siku ya ine.