Waya mrefu wa redio hauchagui upande bila ethi nzuri

Anayesikiliza vituo vya mbali kwenye mawimbi mafupi anaijua adha hii: kituo unachokitaka kipo, lakini kingine kutoka upande wa pili kinakifunika. Kurefusha waya peke yake hakutibu. Waya mrefu unaweza kuchagua upande mmoja na kuuacha mwingine, ila kwa sharti la kuwa na ethi nzuri kwenye ncha zake mbili.

Waya huo huitwa antena ya Beverage, kwa jina la mhandisi wa Marekani Harold Beverage, aliyepata hataza yake mwaka 1921. Desemba ya mwaka huohuo, Paul Godley aliutumia huko Ardrossan, Uskoti, akanasa ishara za warusha redio wa kujifurahisha wa Marekani, kutoka ng'ambo ya Atlantiki.

Unavyofanya kazi

Waya hunyooshwa kuelekea kituo, mita 2 au 3 juu ya ardhi, juu ya miti mikavu, na vipande vya plastiki vya kuutenga na miti hiyo. Urefu wake usipungue wimbi moja. Kwa masafa ya megahezi 6 wimbi lina mita 50, hivyo waya wa mita 100 unafaa.

Redio hukaa kwenye ncha iliyo mbali na kituo. Ncha ya mbele, iliyo upande wa kituo, hufungwa rezista ya omu 470, na rezista hiyo huunganishwa na ethi.

Mawimbi ya mbele husafiri na waya yakijiongeza nguvu hadi kwenye redio. Ya nyuma hukimbilia ncha ya mbele. Yakikuta rezista yenye ethi, humezwa hapo. Yasipoikuta, hugeuka na kurudi kwenye redio, kama maji ya mfereji uliozibwa.

Kuweka ethi

Kila ncha ichimbiwe fimbo ya shaba au bomba la chuma lisilo na kutu, lizame mita moja au zaidi. Upande wa redio, ethi iunganishwe na sehemu ya ethi ya tundu la antena ya nje.

Mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida, na ukinzani wake hujumlishwa na ule wa rezista. Ndiyo maana antena iliyofanya vizuri wakati wa masika huweza kuharibika tabia kiangazi. Kumwagia maji husaidia kwa muda mfupi tu. Bora uongeze fimbo mbili zilizoachana mita moja hivi na kuziunganisha zote, au ulaze ardhini waya kadhaa zinazotawanyika kutoka kwenye fimbo.

Upimeje bila kifaa? Usiku, tafuta kituo kilicho nyuma ya antena. Mwenzako akae ncha ya mbele na mpigiane simu. Akiunganisha ethi, kituo hicho kinapaswa kufifia, akiitoa, kirudi. Kisipobadilika, angalia viungo kwanza, kisha ongeza fimbo.

Jihadhari na radi

Ethi hii ni ya kusikilizia. Haimkingi mtu wala redio na radi, na waya wa mita 100 huweza kubeba umeme hata radi ikipiga mbali. Mawingu yakianza kukusanyika, chomoa waya kwenye redio na uuache nje ya nyumba. Ukisikia ngurumo umeshachelewa: usiuguse, kaa mbali nao.

Usipitishe waya juu wala chini ya nyaya za umeme, wala karibu nazo kiasi kwamba ukikatika utaziangukia. Usiunganishe ethi yako na ya umeme wa nyumbani. Na msimu wa mvua, usiposikiliza, uache umechomolewa, hata kama anga ni jeupe.