Pine isiyo na mpira wa ndani: itaweza njia ya Kabambare?

Tulimkuta kijana mmoja wa Salamabila amesimama kwa kwado, hapa Kasongo, mkononi ameshika janti mbili mpya za alimini. Pesa yake ilitoka shimoni: miezi ya kuchimba, kugawana na wenzake, kulipa madeni ya chakula, na ile kidogo iliyobaki ndiyo ilinunua janti. Alitaka wamvulie janti zake za reyo, watupe mipira ya ndani, pikipiki itembee na pine za tubeless sawa zile alizoona mjini.

Papa kwado akageuza janti moja, akapitisha kidole ndani yake pande zote, kisha akamuuliza:

– Mwanangu, yule aliyekuuzishia alikuambia hii janti inashika upepo?

Kijana akanyamaza. Alifikiri kila janti ya alimini ni ya tubeless. Na si yeye peke yake. Tumesikia maneno hayo kwa ma motari wengi, tena wenye kuzoea njia ya Kasongo mpaka Kabambare, ile ya udongo mwekundu, mizizi na madaraja ya miti. Ndiyo sababu tuliketi pale kwa kwado, tukaomba tuelezwe.

Tuanze na pikipiki zetu za kila siku, Boxer, TVS na ndugu zao. Nyingi zinakuja na janti ya reyo, ao na janti ya alimini yenye mikono minene lakini ndani yake kuna mpira, ile chambre à air. Kwa janti ya reyo, kila reyo inapita kwenye tundu yake. Ukitoa mpira wa ndani, upepo unatoka kwa matundu yote hayo. Hiyo kila mtu anaelewa. Janti ya alimini ndiyo inadanganya watu, juu haina matundu ya reyo. Unaweka pine, unatia upepo, inakaa. Kesho yake unaondoka na mzigo.

Basi janti ya kweli ya tubeless inatambulikana namna gani? Ndani, karibu na kingo, iko na tuta ndogo inayozunguka pande zote mbili. Ile tuta ndiyo inashikilia mdomo wa pine usirudi katikati ya janti. Ukipiga kona na mzigo mzito, ao upepo ukipunguka, mdomo unabaki pale pale. Janti isiyo na tuta inaachilia mdomo, upepo unatoka mara moja, na pikipiki inaanguka. Mara nyingi wanaandika pia juu ya janti yenyewe kama inafaa kwa tubeless. Pine nayo inaandikwa ubavuni: TUBELESS, ao TUBE TYPE kama inahitaji mpira wa ndani. Tubeless ina ngozi ya ziada ndani, inayozuia upepo kupita. Ile nyingine haina.

Janti za yule kijana hazikuwa na tuta.

Shida hii si ya Maniema tu. Vespa za zamani, ambazo Zanzibar zilijaa mpaka leo, ziko na janti ya vipande viwili vilivyofungwa kwa boloti. Ni muzuri kwa fundi, sababu unafungua boloti na pine inatoka bila kupigana. Lakini pale vipande vinapokutana upepo unapita, kwa hiyo lazima mpira wa ndani. Na mpira ukipasuka mbele, kwa gurudumu ndogo vile, mwendeshaji anatupwa. Ndiyo maana huko Ulaya wapenzi wa Vespa wameanza kununua janti ya kipande kimoja, inayotengenezwa mahsusi kwa pine ya tubeless. Hawakuziba janti ya zamani kwa gundi. Walibadilisha janti yenyewe.

Faida yake iko wazi. Mpira wa ndani ukichomwa na musumari, upepo unakimbia kupitia matundu ya reyo na ya valvu, na pine inalala ghafula. Tubeless ikichomwa, musumari unabaki umekwama kwenye pine na kuziba sehemu ya tundu yake, upepo unatoka polepole. Unapata wakati wa kupunguza mbio na kusimama. Usiung'oe hapo hapo kama huna kitu ya kuzibia! Ziba kwa ile kamba ya mpira yenye gundi, ongeza upepo, endelea polepole mpaka kwa fundi, naye avue pine na kuweka kiraka kwa ndani. Lakini kama ni ubavu wa pine umekatwa na jiwe ao kisiki, kamba haifai. Pine hiyo imekwisha.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe, maana mjini Kasongo haya yote yanapendeza.

Fikiri umeanguka kwenye shimo ya barabara kabla ya kufika Kabambare, na gunia mbili nyuma. Janti ya reyo inapinda. Fundi wa kijiji anaipiga nyundo kidogo, anakaza reyo hapa, analegeza pale, unaendelea. Janti ya alimini haipendi nyundo. Ikipigwa inapata ufa, na wakiichoma kwa moto ili ilainike, nguvu yake inapunguka. Na kwa tubeless, janti ikipinda hata kidogo kwenye kingo, mdomo wa pine haukai sawasawa, upepo unapotea usiku kucha. Asubuhi pine iko chini.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawasemi. Ili mdomo wa tubeless upande juu ya tuta na kukaa, unahitaji upepo mwingi kwa mara moja. Kompresa inafanya. Pompi ya mkono haiwezi, unapampu mpaka jasho linakauka na upepo unatokea pembeni. Wenye akili wanapaka maji ya sabuni kwenye mdomo, wanafunga kamba kuzunguka pine katikati na kuikaza kwa kijiti, ili midomo isukumwe nje, kisha wanapampu. Mara nyingine inakubali. Lakini tumesikia pia habari za kumwaga petroli ndani ya pine na kuwasha ili ipande kwa mshindo. Wazazi, mkiona mtoto wenu anafanya hivyo, mnyang'anyeni kiberiti. Pine inaweza kupasuka usoni mwake, na kutoka huko porini mpaka hospitali kuu ya Kasongo ni safari ya kupita juu ya pikipiki ile ile.

Kwa hiyo sisi tunaona hivi. Anayebeba watu mjini, na ana kompresa karibu, akipata janti ya kweli na pine ya kweli, tubeless itamsaidia, zaidi gurudumu la mbele. Anayebeba vifaa, mafuta na chakula kupeleka machimboni, abaki na reyo na mpira wa ndani, zaidi nyuma. Pesa ya janti anunue mpira wa ndani wa akiba ulio muzuri, kiraka, gundi mpya (ile iliyokauka haishiki), na vyuma viwili vya kuvulia pine.

Na yule ambaye tayari ana tubeless, asiondoke Kasongo bila mpira wa ndani kwenye mfuko. Janti ikipinda njiani, unavua valvu ya tubeless, unaweka mpira ndani ya pine ile ile, unatembea. Lakini angalia kwanza tundu ya valvu. Kwa janti za tubeless mara nyingi ni pana kuliko valvu ya mpira, basi weka washa, bila hiyo valvu itacheza na kukatika. Papasa pia ndani ya pine kwa kidole kabla ya kuweka mpira, maana mwiba uliotoboa kwanza unaweza kuwa bado unangoja.

Yule kijana hakuvua kitu siku ile. Papa kwado alimwambia janti zake zinaweza kutembea, lakini pamoja na mipira ya ndani, na kwa njia laini. Akamkazia reyo za zamani zilizolegea, saba kwa gurudumu la nyuma, akamtoza franga za kazi tu. Tulimwona anafunga zile janti mpya nyuma ya kiti kwa kamba ya mpira, arudi nazo Salamabila kutafuta nani atazinunua. Tukamuuliza atamwambia mnunuzi nini juu ya tuta.

– Nitamwonyesha, akasema. Apitishe kidole mwenyewe.