Mashine ya kufyonza vumbi: ipi yaifaa nyumba yako?

Kwa aliyezoea sakafu ya saruji na ufagio wa chelewa, zulia lililotandazwa chumba kizima, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Uingereza, ni mtihani. Ufagio huondoa taka za juu tu. Vumbi hubaki kwenye nyuzi pamoja na utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho, ambao kinyesi chao huweza kuchochea pumu.

Mhandisi wa Uingereza, Hubert Cecil Booth, alibuni mashine ya kufyonza vumbi mwaka 1901. Ilikokotwa na farasi na kuegeshwa nje, mipira ikapitishwa madirishani. Leo kuna aina nyingi. Je, msikilizaji achague ipi?

Mashine ya kusimama wima huwa na brashi inayozunguka, hivyo hulisafisha vyema zulia nene. Ile ya kuburutwa, yenye mpira mrefu, huingia uvunguni na kupanda ngazi kwa urahisi, na huifaa sakafu ya marumaru au vigae, iliyo ya kawaida huko Muscat na Dubai. Mashine ya betri ni nyepesi, lakini chaji yake huweza kuisha kabla nyumba kubwa haijamalizika.

Suala la pili ni mfuko. Mashine zisizo na mfuko, ambazo James Dyson alianza kuziuza Uingereza kwa jina lake mwaka 1993, hukuepusha na gharama ya kununua mifuko. Hata hivyo, unapomwaga uchafu, sehemu ya vumbi hurudi hewani. Mwenye mgonjwa wa pumu nyumbani ni afadhali achague yenye mfuko na chujio la HEPA, linalonasa angalau asilimia 99.95 ya chembe ndogo mno, mradi mashine yenyewe isivujishe hewa pembeni.

Usihadaike na wati. Wati hupima umeme unaotumika, si nguvu ya kufyonza. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2017, hauruhusu mashine mpya kuzidi wati 900.

Na anayenuia kuipeleka mashine nyumbani akumbuke kwamba umeme wa Marekani ni volti 120, ilhali wa Kenya na Tanzania ni kati ya 230 na 240. Mota iliyoundwa kwa volti 120 itaungua mara tu itakapochomekwa huko.