Saa ya Mkononi na Neno la Siri



Kila askari aliyewahi kusimama lindo usiku anajua kazi ya neno la siri. Mtu hutokea gizani, mlinzi humsimamisha na kumtaka neno. Akilitaja sawasawa hupita. Asipolitaja hubaki pale pale. Mlinzi hana haja ya kujua mgeni huyo anakwenda kumwambia nini kamanda. Kazi yake ni neno moja tu.

Katika maelezo yetu ya leo tunataka kumzungumzia mlinzi wa namna hiyo, ambaye baadhi yenu mmemfunga mkononi bila ya kujua kwamba yuko zamu. Anakaa ndani ya saa za kisasa, ndani ya miwani ya kisasa, na hata ndani ya vile vidude vidogo vya masikioni. Kazi yake ni kungojea jina litajwe, ili amwamshe mtumishi wa sauti, yaani programu ya kompyuta inayosikiliza maneno ya binadamu na kuyajibu.

Mtumishi wa kampuni ya Apple ya Marekani anaitwa Siri. Alitolewa mwezi wa Oktoba 2011 ndani ya simu, na asili yake ni utafiti uliofanywa na taasisi ya SRI huko California. Mmoja wa waanzilishi wake alieleza kwamba ni jina la kike la Kinorwe. Kiswahili hakikuwamo katika hesabu zao. Lakini kwetu sisi neno hilo lina maana yake, na tutalirudia baadaye.

Kwanza tutazame jinsi kifaa kinavyosikia. Wako wanaoamini kwamba kifaa ni kiziwi mpaka kiitwe. Hilo haliwezekani, kwani kiziwi hataisikia hata sauti ya kumwita. Wako pia wanaoamini kwamba kila neno lisemwalo tangu asubuhi hurekodiwa na kupelekwa ng'ambo. Hilo nalo si kweli, na betri ya saa isingelistahimili hata nusu ya siku.

Wahandisi wa Apple walieleza hadharani mwaka 2017 jinsi kazi inavyofanyika. Maikrofoni hupima mawimbi ya sauti mara 16,000 katika kila sekunde. Vipimo hivyo hukusanywa katika vipande vidogo, kila kimoja cha sehemu moja ya mia ya sekunde. Vipande kama ishirini hivi, yaani sauti ya sehemu mbili za kumi za sekunde, hupitishwa kwa pamoja katika hesabu iliyofunzwa kwa sauti za watu wengi. Hesabu hiyo haijui maana ya neno lolote. Inatoa alama tu: sauti hii inafanana kwa kadiri gani na mwanzo wa lile jina, au katikati yake, au mwisho wake. Alama zikijumlishwa zikapita kiwango kilichowekwa, mlango unafunguliwa. Zisipofika, sauti ile hufutwa na nyingine huchukua nafasi yake, kama ubao wa darasani unaofutwa kila mara.

Katika simu ulinzi huo una ngazi mbili. Kuna kompyuta ndogo mno, isiyokula umeme mwingi, ambayo ndiyo haizimwi. Ikishuku kwamba jina limetajwa, huiamsha kompyuta kubwa ya simu, nayo husikiliza upya sauti ile ile kwa hesabu kubwa zaidi kabla ya kukubali. Ni kama mlinzi wa lango anavyomwita sajenti, na sajenti ndiye anayeamua kama kamanda aamshwe.

Saa ya mkononi ina betri ndogo, haiwezi kulisha walinzi wawili. Wahandisi wakatafuta njia nyingine. Walieleza kwamba saa yao husikiliza jina pale tu inapohisi kuwa mkono umeinuliwa na kioo kimewaka. Mwaka 2018 wakapiga hatua moja zaidi: mwenye saa akiinua mkono karibu na kinywa na kuanza kusema, hahitaji tena kutaja jina lolote. Mwendo wa mkono ndio umekuwa neno la siri.

Mimi mwenyewe nimeyaona haya studioni. Mwenzangu aliinua mkono kufunika kikohozi, akasema samahani, na saa yake ikamjibu kwa Kifaransa kwamba haikufahamu. Tulicheka. Lakini fikirini askari wa polisi aliye kazini barabarani, anayeinua redio ya mawasiliano mpaka kinywani ili aeleze mahali alipo na idadi ya wenzake. Mkono ule wenye redio ndio wenye saa. Kwa saa, mwendo huo hauna tofauti na ule iliofundishwa kuungojea.

Ikumbukwe kwamba kosa la namna hii halitokani na kifaa kibovu. Kiwango cha alama kikiwekwa juu sana, mwenye saa ataita mpaka achoke asijibiwe, naye atairudisha dukani. Kikiwekwa chini, saa itaamka kwa maneno yasiyoihusu. Hapana mahali katikati pasipo na makosa kabisa. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Bochum nchini Ujerumani walikusanya maneno zaidi ya elfu moja yaliyoamsha vifaa vya namna hii kimakosa. Mtumishi wa kampuni ya Amazon, aitwaye Alexa, aliamshwa na neno la Kiingereza lenye maana ya uchaguzi.

Basi turudi kwenye jina la Siri. Kwa miaka mingi mtu alilazimika kutanguliza neno la kuitia, ndipo alitaje jina. Mwezi wa Juni 2023 Apple ilitangaza kwamba neno la kwanza limeondolewa katika matumizi ya Kiingereza, na jina peke yake linatosha. Mlinzi aliyekuwa akingojea maneno mawili sasa angojea moja, tena fupi, la silabi mbili. Na ni lini askari msema Kiswahili hulitaja neno siri? Hulitaja anapotaka kusema jambo lisilopaswa kutoka chumbani. Matamshi yetu si yale ya Mwingereza, na mara nyingi huenda alama zisifike. Lakini simu hufunzwa pia kuitambua sauti ya mwenyewe, ambaye husema maneno machache siku ya kwanza ili ikariri sauti yake. Kwa hiyo kinywa kilicho rahisi zaidi kuifungua simu ni kile cha mwenye nayo. (Anayesema kwa Kirundi kwamba jambo fulani ni ibanga hana wasiwasi huu. Lakini wanajeshi wetu waliokwenda Mogadishu kuanzia Desemba 2007 walifanya kazi pamoja na Waganda, ambao Kiswahili ni lugha ya jeshi lao, nao wanajua ni mara ngapi mkutano mmoja hupita katika lugha tatu.)

Mlango ukishafunguliwa, ndipo sauti inapoanza kurekodiwa kwa kusudi la kutumika. Tangu mwaka 2023 saa mpya za Apple hutekeleza baadhi ya maagizo ndani ya saa yenyewe. Maagizo mengine hupelekwa kwa njia ya intaneti hadi kwenye kompyuta kubwa za kampuni. Na huko si mashine peke yake iliyopata kusikiliza. Mwezi wa Julai 2019 shirika la utangazaji la VRT la Ubelgiji lilipata rekodi zaidi ya elfu moja za mtumishi wa kampuni ya Google, zilizokuwa zikisikilizwa na watu waliolipwa ili kuzihakiki. Rekodi 153 kati ya hizo hazikuwa zimeitwa na mtu yeyote. Mwezi huo huo gazeti la Guardian la Uingereza liliandika kwamba rekodi za Siri nazo zilisikilizwa na watu wa nje ya kampuni, na kwamba saa ya mkononi ilikuwa miongoni mwa vifaa vilivyoongoza kwa kuamka bila kuitwa. Apple iliomba radhi Agosti 2019, ikasema kuanzia hapo rekodi hazitahifadhiwa ila kwa ridhaa ya mwenyewe. Kesi iliyofuata ilikwisha kwa mapatano ya dola milioni 95, yaliyotangazwa Januari 2025, bila kampuni kukiri kosa.

Tumesikia wengine wakijifariji kwamba mtumishi huyu hajui Kirundi wala Kiswahili. Ni kweli kwamba Siri hajibu kwa lugha hizo. Lakini kinachorekodiwa ni sauti, na sauti hungojea. Katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, watu wa kujitolea wamekwisha kusoma Kinyarwanda kwa zaidi ya saa elfu mbili ili kompyuta zijifunze, na Kiswahili nacho kimo. Mrundi hahitaji kuambiwa umbali kati ya Kirundi na Kinyarwanda. Sauti isiyofahamika kwa mashine mwaka huu yaweza kufahamika miaka michache ijayo, kama bado imehifadhiwa mahali.

Wala isidhaniwe kwamba saa haijapata kumponza askari. Mwezi wa Januari 2018 iligunduliwa kuwa ramani ya kampuni ya Strava, iliyochorwa kutokana na saa na simu za watu wanaokimbia mazoezi, ilionyesha wazi njia za ndani ya kambi za kijeshi katika nchi za vita. Agosti ya mwaka huo wizara ya ulinzi ya Marekani iliwakataza askari wake walioko katika maeneo ya operesheni kutumia vifaa vinavyoonyesha mahali walipo.

Kwa mwenye saa ya aina tuliyoieleza, mambo ya kuzimwa yamo katika mipangilio ya saa, sehemu ya Siri, na miongoni mwao ni kusikiliza jina, na kuinua mkono ili kusema. Kuzima moja na kuacha jingine hakusaidii. Mwenye simu mfukoni aizimie usikilizaji nayo, kwa sababu simu ina mlinzi wake. Na panapofanyika mkutano wa kazi, vifaa vyote vibaki nje ya mlango, pamoja na vile ambavyo wenyewe wana hakika kuwa wamevizima.