Skrinishoti pekee haimfungi golikipa

NANE bila. Saba bila. Mashabiki wa Ligi Daraja la Kwanza hawajasahau siku ile ya mwisho ya Kundi C, Februari 2016. Geita Gold iliichapa JKT Kanembwa 8-0, na Polisi Tabora ikaifumua JKT Oljoro 7-0, wote wakisaka tiketi moja ya Ligi Kuu. Adhabu za kupanga matokeo zikashuka, na Mbao FC ya Mwanza ndiyo iliyopanda.

Matokeo yale kila mtu aliyaona. Lakini ubao wa matokeo hausemi nani alimpigia nani simu usiku wa kuamkia mechi. Hiyo ni kazi ya simu yenyewe.

Jambo hili linaigusa hata Chemba, wilaya iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Kijana wa Farkwa, Paranga au Kwa Mtoro anaanzia ligi ya wilaya, akiota siku moja kucheza Jamhuri, Dodoma. Akifungwa bao la kizembe, jioni hiyohiyo skrinishoti inazunguka kwenye makundi: "Kala mlungula huyu!" Mkeka umechanika, hasira zimepanda, jina la mtu limeshachafuka.

Tatizo ni kwamba skrinishoti inatengenezwa kwa dakika mbili tu. Badili jina la mtu kwenye simu yako, andikiana na rafiki yako, piga picha, kazi imekwisha.

Wataalamu hawafanyi hivyo. Simu ikikamatwa huzimiwa mtandao, au huwekwa kwenye mfuko unaozuia mawimbi, ili mtu asiifute akiwa mbali. Kisha programu kama UFED ya Cellebrite ya Israel au XRY ya MSAB ya Sweden hunakili yaliyomo: meseji, simu zilizopigwa, picha na saa ya kila kitu. Nakala hupewa namba maalumu inayokokotolewa kutokana na data yenyewe. Ikibadilishwa hata herufi moja, namba inagoma kufanana.

Na zile meseji zilizofutwa? Mara nyingi simu haiondoi maneno papo hapo, inaitangaza tu nafasi yake kuwa wazi. Kabla haijaandikwa kitu kipya juu yake, huenda yakapatikana. Ila si miujiza: nafasi ikishajazwa, au data ikifungwa kwa ufunguo usiopatikana, programu hutoka kapa. Tena haisemi nani alikuwa ameishika simu saa ile.

Majirani wameonja nguvu ya mawasiliano. Mwaka 2019, FIFA ilimfungia miaka 10 beki wa zamani wa Harambee Stars, George Owino, kwa kushirikiana na mpanga matokeo Wilson Raj Perumal wa Singapore. Kilichomwangusha si bao la kujifunga, ni meseji 177 walizoandikiana kati ya Juni 2009 na Machi 2011. Yaani miaka minane baadaye maneno yalikuwa bado yanaongea.

Hapa nchini, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa aina hii, lakini mahakama hutazama ulivyotunzwa na kama haujachezewa. Na kukagua simu ya mchezaji kwa nguvu si kazi ya katibu wa klabu wala ya mashabiki wenye hasira. Hiyo ni kazi ya polisi na TAKUKURU, kwa kufuata sheria.

Kwa hiyo mchezaji akitumiwa meseji ya "legeza kidogo, mzigo upo", asiifute wala asiisambaze kundini. Aitunze simu ilivyo, atoe taarifa. Simu hiyohiyo inayoweza kumfunga mla rushwa ndiyo inayoweza kumwokoa golikipa ambaye kosa lake lilikuwa moja tu: mpira ulimponyoka.