Kinanda Kizima, Programu Imekufa: Kwa Nini Masasisho Yanatuacha Njiani

Ilikuwa Alhamisi usiku, Mkokotoni. Mtoto wa ammi yangu hupiga kinanda kwenye maharusi, na Jumamosi alikuwa na kazi Tumbatu. Kazi ya Tumbatu maana yake ni kubeba vyombo vyote mpaka bandarini na kuvuka navyo kwa boti, kwa hiyo kila kitu lazima kijaribiwe mapema. Mie, msomi wa nyumba, nikajitolea kumsaidia. Laptopu yake ilikuwa bado inatumia Windows 10, na Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Nikampandishia Windows 11. Mambo yakaenda vizuri mpaka alipochomeka kinanda chake.

Kimya. Taa zinawaka, vitufe vinabonyezeka, sauti hakuna.

“Umefanya nini, mdogo wangu?”

Tukatafuta tangazo la kampuni iliyokitengeneza. Kumbe toleo jipya la programu yao linakuja, na ipo orodha ya vinanda vitakavyohudumiwa. Chake hakimo. Wenye vinanda vya zamani wanashauriwa kununua vipya. Alikinunua mtumba, ndiyo, lakini ni kizima: hakuna kitufe kilichong'oka wala waya uliokatika. Kaka akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya: “Kitu hakijaharibika, sasa vipi kinakufa?”

Hebu tulijibu taratibu.

Kinanda kisichokuwa na sauti

Jambo la kwanza linalowachanganya watu: kinanda cha aina hii, ambacho wapigaji wengi hukiita kontrola, hakina sauti ndani yake. Ukikichomoa kwenye kompyuta ukabonyeza, utasikia plastiki tu. Kazi yake ni kutuma taarifa. Kompyuta, simu au kinanda kingine kinapokea taarifa hizo na ndicho kinachotoa sauti. Mfikirie karani wa zamani anayepeleka barua: yeye haimbi, anapeleka maneno ya wimbo kwa mwimbaji.

Lugha ya barua hizo inaitwa MIDI. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila kampuni ya vinanda vya umeme ilikuwa na lugha yake, na kinanda cha kampuni moja hakikuelewana na cha nyingine. Ikutaro Kakehashi wa Roland, Japani, na Dave Smith wa Sequential Circuits, Marekani, walisukuma wazo la lugha moja kwa wote. Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM huko California, kinanda cha Sequential kiliunganishwa na cha Roland kwa waya, na kimoja kikapigwa kupitia kingine. Lugha yenyewe iliachwa wazi, kampuni yoyote iitumie bila kulipia. Mwaka 2013 wawili hao walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

Na lugha yenyewe ni fupi mno. Ukibonyeza Do ya katikati, kinanda kinatuma namba tatu tu: 144, 60, 100. Namba 144 inasema “noti imeanza, chaneli ya kwanza.” 60 ni jina la noti. 100 ni kasi uliyobonyezea, kwenye kipimo cha 0 mpaka 127. Ukiachia, zinakwenda namba nyingine tatu za kusema noti imekwisha. Kwenye waya wa zamani wa pini tano, ujumbe mmoja kama huo unachukua takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sikio halitambui.

Kwa hiyo kinanda cha 1983 ukikiunganisha leo na kompyuta mpya kwa kiunganishi chake, bado kinaelewana nayo. Miaka zaidi ya 40! Sasa vipi kinanda cha kaka, ambacho ni kijana mbele ya hicho, kinakuwa bubu?

Ngazi tano, na ngazi moja iliyovunjika

Jibu ni kwamba kati ya kidole chako na sauti zipo ngazi tano. Ya kwanza ni vitufe vyenyewe. Ya pili ni programu ndogo inayokaa ndani ya kinanda, kwenye chipu yake, inayogeuza mbonyezo kuwa namba. Ya tatu ni draiva, yaani mkalimani anayekaa kwenye kompyuta na kujua kuzungumza na kinanda hicho. Ya nne ni mfumo wa kompyuta, Windows au mwengine. Ya tano ni programu ya muziki, pamoja na programu ya kampuni ya kupanga vitufe vifanye nini.

Ngazi mbili za mwanzo ziko mikononi mwako, na hazibadiliki usipozigusa. Tatu za juu zinabadilishwa na watu wengine, kwa ratiba zao. Mwaka 2019, kwa mfano, Apple ilipotoa macOS Catalina, programu zote za biti 32 ziligoma kufunguka. Vifaa vilikuwa vizima, ila vilivyotegemea programu za aina hiyo vikabaki bila msaidizi. Windows 11 nayo ina kinga inayoweza kukataa draiva za zamani zisizokidhi masharti ya usalama. Na sababu si ya kipuuzi: draiva inaingia ndani kabisa ya kompyuta, na draiva mbovu ni mlango wa wezi.

Hapo ndipo tulipoanguka. Kinanda cha kaka kilitegemea draiva maalumu ya kampuni. Kompyuta ilikua, draiva ikabaki utotoni, na kampuni haikuwa na mpango wa kuandika nyingine.

Lakini njia isiyohitaji draiva ya kampuni ilikuwepo tangu zamani. Mwaka 1999 ilitoka kanuni ya pamoja ya MIDI kupitia USB. Kinanda kinachofuata kanuni hiyo kinatambulika na kompyuta yenyewe. Tatizo ni kwamba baadhi ya kampuni hupenda kuongeza mambo yao, na hayo yanahitaji mkalimani wao. Faida ya leo inakuwa deni la kesho.

Robo toni iliyopotea

Tulisoma kijitabu cha kinanda mpaka saa sita za usiku. Mwisho tukaona: ukiwasha kinanda huku umeshikilia kitufe fulani, kinaacha mambo ya kampuni na kufuata kanuni ya jumla. Tukafanya hivyo. Sauti ikatoka! Nikashangilia. Kaka hakushangilia. Alipiga kidogo, akasimama, akasema, “Rasti imekufa.”

Kama hukulelewa na taarabu, ngoja nieleze. Kinanda cha kawaida kimegawa oktava vipande 12 vilivyo sawa. Maqamu za Kiarabu, ambazo taarabu ya Unguja imezibeba tangu ilipopata ladha ya Misri zama za Sultani Barghash, zina noti zinazokaa katikati ya vipande hivyo. Ukianza maqamu ya Rasti kwenye Do, Mi yake iko chini kidogo ya Mi ya kinanda, lakini haifiki Mi bemoli. Mpiga fidla anaipata kwa kidole, mpiga udi hana vizuizi kwenye shingo ya chombo chake, na mpiga ganuni ana vijiti vidogo vya kuinua na kushusha nyuzi. Vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, vilikulia kwenye vyombo hivyo. Taarabu ya kisasa ilipokumbatia vinanda vya umeme, robo toni ikawa kazi ya hesabu.

Na hesabu yenyewe ni hii. MIDI ina ujumbe wa kupinda sauti, wenye nafasi 16,384. Katikati, pasipo kupinda, ni 8,192. Kwa kawaida ukipinda mpaka mwisho unashuka nusu toni mbili. Kwa hiyo nusu toni moja ni hatua 4,096, na robo toni ni hatua 2,048. Toa 2,048 kwenye 8,192, unapata 6,144. Namba hiyo moja ndiyo Mi ya Rasti.

Kaka alikuwa amepanga kitufe kimoja cha pembeni, kupitia programu ya kampuni, kitume 6,144 kila anapokishika. Programu ile haifunguki tena, na mpango wake ulikuwa umehifadhiwa ndani ya programu, si ndani ya kinanda. Mtu akikwambia “ni sasisho tu,” kumbuka kwamba kwa mwenzako inaweza kuwa ni maqamu nzima.

Kwani kampuni ni wakatili?

Nataka kuwatendea haki. Kinanda kinauzwa mara moja, lakini programu yake inahitaji kulishwa kila mwaka. Kila mfumo mpya wa kompyuta ukitoka, lazima mtu akae ajaribu kila kinanda cha zamani, atafute kasoro, aandike upya. Chipu za ndani za vinanda vya zamani zina nafasi ndogo ya kumbukumbu. Mambo mengine hayaingii hata ukitaka. Ukinunua mtumba, kampuni haipati hata senti.

Lakini mteja naye ana haki ya kukasirika, na hasira hiyo ina sababu tatu za msingi. Moja, haambiwi mapema: boksi halisemi “programu hii itahudumiwa mpaka mwaka fulani.” Mbili, mpango wa masasisho hutangazwa kama ahadi wakati wa kuuza, kisha unageuka kuwa “tunatarajia.” MIDI 2.0, iliyotangazwa mwaka 2020, inaruhusu kupinda noti moja moja bila kugusa nyingine, jambo tamu sana kwa taarabu. Lakini kuwepo kwa kanuni si hakika kwamba kinanda chako kitaipata. Tatu, kampuni hufunga lugha ya ndani. MIDI imeacha nafasi kwa kila kampuni kutuma ujumbe wake maalumu, na mara nyingi maana ya ujumbe huo haichapishwi. Kampuni ikiondoka, inaondoka na ufunguo.

Dawa za hayo hazihitaji miujiza: tarehe iandikwe, mafaili ya zamani yaachwe yapatikane, na kinanda kikishaachwa, maelezo ya lugha yake yachapishwe ili wengine waendeleze. Uingereza, kuanzia tarehe 29 Aprili 2024, inawalazimisha watengenezaji wa vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti kusema watatoa masasisho ya usalama kwa muda gani. Kontrola ya USB ni kitu kingine, lakini wazo ni lile lile: sema mwisho wako mapema, mnunuzi aamue mwenyewe.

Ufanye nini wewe?

Kwanza, usisasishe kompyuta siku mbili kabla ya kazi. Mie nimeshajifunza, wewe jifunze kwangu.

Pili, kabla ya kununua kinanda cha mtumba, kijaribu kwa simu ya Android na kile kiunganishi kidogo cha USB. Android inaelewa MIDI kupitia USB tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015. Ukikichomeka kikalia kwenye programu ya piano bila kusakinisha draiva yoyote, basi kinafuata kanuni ya jumla, na kitaishi muda mrefu. Kikiwa na tundu la mviringo la pini tano, bora zaidi.

Tatu, hifadhi kwenye fleshi faili la kusakinishia programu na draiva zake wakati bado linapatikana. Kushusha programu kubwa kwa bando ni gharama; kuikosa kabisa ni gharama zaidi. Mipango yako ya vitufe iandike na kwenye karatasi.

Nne, sasisho la programu ya ndani ya kinanda ni upasuaji. Likikatika katikati, kinanda kinaweza kubaki nusu ya zamani nusu ya mpya, kisiwake tena. Sisi wa Unguja tunaujua umeme wetu. Kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 tulikaa bila umeme wa gridi. Tumia laptopu yenye betri iliyojaa, si kompyuta ya mezani, na usigombane na waya mpaka imalize.

Tano, nunua kinanda kwa kile kinachoweza kufanya leo. Kitakachokuja kwa sasisho kihesabu kuwa zawadi, kikija.

Sisi tuliokoka kwa sababu ngazi ya chini ilikuwa ya wazi. Kitufe cha pembeni kilikuwa bado kinatuma ujumbe wa kawaida, ila hauna maana ya robo toni. Ijumaa baada ya sala tukapata programu ndogo ya bure inayopokea ujumbe mmoja na kuutoa mwengine. Tukaiambia: ukisikia kitufe hiki, tuma 6,144, kikiachiwa, tuma 8,192. Kaka akapiga Do, Re, akashika kitufe, akapiga Mi. Akanitazama, hakusema kitu, akarudia tena.

Jumamosi asubuhi nilimsaidia kubeba vyombo mpaka kwenye boti. Kabla ya kuondoka alinikabidhi laptopu nyingine, ya mpiga besi wao. “Hii usiisasishe,” akasema. “Iangalie tu.”